Kifungua Kinywa cha Kambini Horombo: Uji wa Ulezi, Viazi vya Mayai na Chapati za Maji kwa Watu Wanne

Horombo ni kambi ya pili kwa anayepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mita 3,720 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndipo wengi hugundua kwamba chakula walichozoea kupika nyumbani kimegoma kuiva. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huanza kuchemka kabla hayajapata joto tunalolijua. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, Moshi mjini kwenye nyuzi 97 hivi, Horombo kwenye nyuzi 88, na Kibo, kambi inayofuata iliyo mita 4,720, kwenye nyuzi 84 tu. Unaweza kuyaona yanatokota na kurusha mvuke kama ya nyumbani, lakini kiazi kilichomo ndani kinajua tofauti. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapati joto zaidi ya hapo. Kinachoongezeka ni mvuke unaopotea na gesi inayoteketea.

Somo hilo nililipata kwa maharage. Safari yangu ya kwanza kama mpishi wa kikundi cha marafiki, nilipanda na kilo moja ya maharage makavu kwa kuamini kwamba yakilala kwenye maji usiku kucha yataiva kabla watu hawajaamka. Baada ya saa mbili na nusu za kuchemka yalikuwa bado yanagonga meno, mtungi wa gesi ulikuwa unakata pumzi, na watu wanne waliondoka kuelekea Kibo na chai ya rangi na biskuti. Tangu siku hiyo napanga kifungua kinywa cha mlimani kwa kanuni moja: chochote kinachohitaji moto wa muda mrefu kimalizane na moto huo nyumbani, na kambini kipelekwe kile kilichosagwa, kilichokaangwa, kilichokaushwa au kinachoiva kwenye kikaango. Kikaango hakijali sana urefu wa mlima, kwa kuwa mafuta hupata joto lilelile popote pale. Ni sufuria ya maji ndiyo inayodanganya.

Vipimo vinavyofuata vinatosha watu wanne watakaotembea saa tano hadi sita kutoka Horombo hadi Kibo. Unaweza kuvitumia pia kwenye kambi nyingine yoyote ya baridi, ikiwemo milima ya Kenya na ile ya kusini mwa Tanzania.

Vinavyohitajika

Kwa uji, chukua gramu 200 za unga wa ulezi, gramu 60 za maziwa ya unga, gramu 80 za siagi ya karanga, vijiko vinne vya chakula vya sukari na chumvi kidogo. Kwa viazi, chukua kilo moja ya viazi mviringo vidogo, vitunguu viwili, mayai mawili, gramu 80 za dagaa wakavu, kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, na mafuta. Kwa chapati za maji, chukua gramu 300 za unga wa ngano, gramu 30 za maziwa ya unga, mayai mawili, vijiko viwili vya sukari, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta tena. Kwa chai, chukua majani ya chai vijiko vinne vya chai, gramu 60 za maziwa ya unga, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, na sukari kwa kadiri ya ulimi wa kikundi chako. Ukijumlisha vyote pamoja na mafuta ya mililita 100 hivi, mzigo unafika kilo mbili na nusu, na asilimia 40 hivi yake ni viazi. Anayetaka kupunguza uzito aanze na viazi, si na unga.

Watu wa Moshi huniuliza kwa nini hakuna mtori. Mtori ni chakula kitamu mno asubuhi ya baridi, lakini ndizi zake ni nzito kubeba na nyama yake huhitaji muda mrefu jikoni, kwa hiyo ni karamu ya kurudi Marangu, wala si ya kwenda Kibo. Wapishi wanaohudumia makundi makubwa hutatua tatizo hili kwa sufuria ya presha, ambayo huongeza mgandamizo ndani yake na kurudisha joto la maji karibu na lile la nyumbani. Kwa watu wanne sioni haja ya kubeba chuma kizito namna hiyo kwa ajili ya mlo mmoja.

Vyombo ni vichache: jiko moja la gesi na mtungi wake mdogo, sufuria moja ya lita tatu yenye mfuniko unaokaa sawasawa, nyingine ya lita mbili, kikaango kimoja, mwiko, upawa, kisu, chujio, bakuli la kuchanganyia, na chupa mbili za chai zenye uwezo wa kutunza joto usiku kucha. Chupa za chai ndizo nisizokubali kuziacha hata siku moja, na sababu yake itaonekana kwenye kazi ya jioni. Kuni usizifikirie. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro hairuhusiwi kuwasha moto wa kuni, na aliyeuona mlima ukiwaka Oktoba 2020 hahitaji kuelezwa sababu.

Kazi ya nyumbani

Siku moja au mbili kabla ya safari, anza na unga wa ulezi. Uweke kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, juu ya moto mdogo, ukiukoroga bila kuacha kwa dakika nane hadi kumi mpaka utoe harufu ya karanga na rangi yake izidi kukolea kidogo. Unga uliokaangwa hivi huiva haraka zaidi kambini, na hata joto la nyuzi 88 likishindwa kumaliza kazi, uji hautakuwa na ladha ya unga mbichi. Uache upoe kabisa kabla ya kuufunga, kwa sababu unga wa moto ukifungiwa hutoa unyevu na kuvunda.

Dagaa wafuatie. Napendelea dagaa wa Kigoma kwa sababu hawana mchanga mwingi na uchungu wao ni mdogo, lakini dagaa wa Mwanza watafaa mradi uwaondoe vichwa na matumbo kwa uvumilivu. Waoshe kwa maji ya moto, wakaushe juani, kisha uwakaange kwa mafuta kidogo sana mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Dagaa waliokauka namna hii hawahitaji kupikwa tena. Watanyunyiziwa tu juu ya viazi mwishoni. Kama katika kikundi kuna asiyekula dagaa, na mara nyingi yupo, karanga zilizokaangwa na chumvi zitashika nafasi yao.

Changanya unga wa chapati na vikavu vyake vyote, yaani maziwa ya unga, sukari na chumvi, na uufunge peke yake, ili asubuhi ya kambini uongeze mayai na maji tu bila kupimapima ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Fanya vivyo hivyo kwa maziwa na sukari ya uji. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, kwa hiyo mimi hutumia makopo mepesi yenye mifuniko na vifuko vya kitambaa kizito vilivyoshonwa na fundi, kila kimoja kikiwa na jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika. Chumvi na sukari zimewahi kubadilishana nafasi kwenye giza la saa kumi na moja, na uji ule hakuna aliyeumaliza.

Mayai yabebwe ndani ya kopo gumu, yakiwa yamezikwa kwenye ule mchanganyiko wa unga wa chapati. Unga huyashika yasigongane, na yai likipasuka kwa bahati mbaya unalijua mapema, kwani sehemu hiyo ya unga hugeuka bonge. Yafute vizuri kabla ya kuyazika. Usiyavunje na kuyatia kwenye chupa kama wanavyofanya baadhi ya watu, kwa sababu siku ya kwanza njia hupita kwenye msitu wenye joto, na yai lililovunjwa halivumilii joto la kutwa nzima.

Jambo la mwisho la nyumbani ni kupima gesi. Weka mtungi wenye gesi kwenye mizani, chemsha lita mbili za maji, kisha uupime tena. Tofauti utakayoiona ndiyo gharama ya sufuria moja, na kutoka hapo unaweza kukadiria mahitaji ya safari nzima, ukiongeza angalau nusu yake kwa ajili ya baridi na upepo.

Kazi ya jioni kambini

Kifungua kinywa cha Horombo hupikwa jioni, na asubuhi humaliziwa tu. Wakati chakula cha usiku kinaandaliwa, osha viazi na uvikate vipande viwili bila kuvimenya, kisha uvichemshe kwenye maji yenye chumvi, mfuniko ukiwa umebanwa kwa jiwe safi. Nyumbani vingeiva kwa dakika 20. Hapa tegemea dakika 35 hadi 40, na usiamini saa bali kisu: kikipenya hadi katikati bila kukwama, vimeiva. Vimwage maji, viache vipoe, kisha uvifunike vizuri ndani ya sufuria. Baridi ya usiku itavitunza kama jokofu, lakini kunguru wenye shingo nyeupe na panya wa Horombo ni wezi wazoefu, hivyo sufuria ilale ndani ya banda la jikoni na jiwe lake juu.

Vuruga unga wa ulezi kwa nusu lita ya maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, mpaka usione hata buje moja, na uufunike. Kulowa usiku kucha hupunguza muda wa kupika. Uweke pembeni mwa mahali unapolala ili usigande kwa barafu, jambo linalowezekana kabisa katika miezi ya baridi.

Kisha chemsha maji ya kunywa na ujaze chupa zote mbili za chai. Maji ya mito na mabomba ya mlimani yaachwe yatokote kwa dakika tatu kamili, kwa kuwa ukipita mita 2,000 dakika moja inayopendekezwa sehemu za chini haitoshi. Yale ya kwenye chupa yatakuwa bado na joto jingi alfajiri, na kuanza na maji ya vuguvugu badala ya maji yanayokaribia kuganda ndiko kunakookoa gesi kuliko ujanja mwingine wowote ninaoujua.

Mtungi wa gesi nao haupendi baridi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri, ndiyo maana moto wa alfajiri huwa dhaifu hata mtungi ukiwa na gesi. Usiulaze juu ya ardhi au sakafu tupu. Uweke juu ya kipande cha ubao au boksi, na uufunike kwa gunia baada ya kuufunga sawasawa. Ni mwiko kuupasha mtungi kwa mshumaa au maji yanayotokota, hata kama umemwona mzoefu akifanya hivyo.

Asubuhi: mpangilio wa jiko moja

Amka saa 11:30 alfajiri ikiwa mnataka kuondoka saa 2:00 asubuhi. Jiko liwekwe kwenye banda la jikoni au nje kwenye kinga ya upepo, kamwe lisiwashwe ndani ya hema au chumba cha kulala kilichofungwa, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye moto huua bila harufu wala onyo. Mawe ya kukinga upepo yazunguke jiko upande mmoja au miwili tu, yasiufungie mtungi joto.

Anza na chai, kwa sababu anayetetemeka hawezi kusubiri chapati. Mimina lita moja na robo ya maji kutoka kwenye chupa, tia tangawizi iliyopondwa na majani, na uyaache yachemke pamoja kwa dakika tano au zaidi. Hapa desturi yetu ya kuchemsha majani ndani ya sufuria inashinda vifuko vya kuchovya kwa mbali, kwani maji ya nyuzi 88 yakimiminwa kwenye kikombe baridi hayana nguvu ya kutoa rangi wala ladha. Vuruga maziwa ya unga pembeni kwa maji ya vuguvugu, yamimine kwenye sufuria, yakianza kupanda ondoa jikoni, chuja na urudishe chai kwenye chupa uliyokwisha kuimwaga.

Uji ufuate. Weka lita moja na nusu ya maji kwenye sufuria kubwa, na yakichemka mimina ule unga uliolowa polepole kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga. Usiache mwiko kwa dakika tano za mwanzo, maana ulezi hushika chini upesi na ukoko wake hunukisha sufuria nzima. Punguza moto, funika nusu, na uendelee kukoroga mara kwa mara kwa dakika 15. Uji ulioiva hung'aa, na ukiuinua kwa upawa hushuka kwa mkanda mmoja badala ya kudondoka vipandevipande. Epua, ndipo utie maziwa, sukari, chumvi na siagi ya karanga, ukikoroga mpaka mafuta ya karanga yapotee machoni. Kupika maziwa ya unga pamoja na uji tangu mwanzo ni kuualika ukoko. Funga sufuria kwa koti zito au blanketi; uji mzito hutunza joto kwa muda mrefu, na watu wanaweza kuanza kuunywa wakati wewe unaendelea na kikaango.

Sasa viazi. Vikate vipande vya kuingia mdomoni, ukiwaachia maganda yao wale wanaoyapenda. Pasha vijiko vitatu vya mafuta, kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, tia binzari, na baada ya nusu dakika tia viazi. Vitandaze na uviache bila kuvigusa kwa dakika tatu hadi nne ili vishike ukoko wa chini, kisha uvigeuze. Vikishapata rangi pande mbili, vunjia mayai mawili juu yake, geuza taratibu mpaka mayai yashikamane na viazi kama chipsi mayai ya mjini, na mwishoni nyunyiza dagaa. Mafuta yasizidi. Mlimani hamu ya kula hupungua na tumbo huwa jepesi kukasirika, na nimeona zaidi ya mara moja sahani inayoelea mafuta ikirudi nzima.

Chapati za maji ziwe za mwisho, kwa kuwa utamu wake ni kuliwa zikitoka motoni. Toa mayai mawili yaliyobaki kwenye unga, yavunje kwenye bakuli, tia unga wote na nusu lita ya maji kidogo kidogo huku ukipiga kwa mwiko, mpaka upate uji mwepesi unaoteleza kwenye upawa. Uuandae kabla hujaanza viazi, ili ukae dakika kumi ukiwa unavishughulikia. Paka kikaango mafuta kwa kitunguu kilichokatwa na kuchomekwa kwenye uma, jambo linalookoa mafuta na kuacha harufu nzuri, kisha mimina upawa mmoja na uzungushe. Juu ikikauka na kingo zikiinuka, geuza. Utapata chapati nane hivi. Ya kwanza kwa kawaida huharibika. Ni ya mpishi.

Kuosha na kuondoka

Sufuria ya uji itiwe maji ya moto mara tu inapomalizika, kabla ukoko haujakauka, na isuguliwe bila sabuni mbali na kijito. Mabaki yote, hadi maganda ya mayai na kitunguu, yashuke na kikundi. Hayaozi haraka kwenye baridi hii, na hao kunguru tuliowataja huyageuza kuwa desturi.

Usirudie mlo huu Kibo. Usiku wa kuelekea kileleni, watu wanapoamshwa kabla ya saa sita, kinachoingia ni chai yenye tangawizi na sukari nyingi, biskuti, na pengine kikombe kidogo cha uji mwepesi. Kinachohitajika Kibo ni maji kuliko chakula, maana kambini pale hakuna chanzo cha maji na kila tone hubebwa. Kwa hiyo kabla hujazima jiko la Horombo, chemsha sufuria moja ya mwisho, jaza chupa moja ya chai kwa chai iliyobaki na ya pili kwa maji ya moto, kisha ufunge chapati zilizosalia kwa kitambaa safi na kuziweka juu kabisa kwenye begi, ambapo mkono utazifikia bila kufungua mzigo wote katikati ya upepo wa tambarare iliyo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo.